Reli ya Uani kwa Bwana Dakika

3 Machi

Mdogo wangu Filimbi,

Habari za siku nyingi. Sisi hatujambo, ila shemeji yako amepandwa na wazimu wa reli upya, na safari hii ameuleta nyumbani.

Nisikilize kabla hujaikunja barua. Najua simu yake ukiiona unaikata, na yangu unaipokea kwa sharti kwamba nisimtaje. Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Tangu alipostaafu, Bwana Dakika alikuwa anashinda uani na saa yake ya mfukoni, anatangaza muda. "Saa tatu na dakika saba, maziwa yamechelewa." Nikadhani atazoea. Mwezi uliopita akapima uwanja wote kwa kamba, akaleta fundi wa kuchomelea, na sasa tuna reli. Si ule mchezo wa kuzungushwa juu ya meza. Upana wake ni vidole vitatu, mataruma ya kubeba reli ameyapasua kutoka kwenye chaga za kitanda cha wageni, na kichwa cha treni kina urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko. Kinakwenda kwa betri na kinapiga honi. Anataka kuijenga njia yetu ile ile ya zamani, kutoka stesheni yake mpaka mjini, yote, kati ya kamba yangu ya nguo na mboga zangu.

Sasa amekwama. Miaka thelathini na mbili alisimama stesheni moja. Kila tofali la jukwaa analijua, lakini treni ikishapinda kona ya kwanza, kwake imetoka duniani. Hajui huko mbele kuna nini. Anayejua ni wewe, uliyeiendesha miaka ishirini na sita. Jana alikaa na penseli saa nzima, mwisho akasema polepole, "Ndugu yako angejua." Miaka kumi na moja sijamsikia akikutaja bila kutaja mayai.

Mdogo wangu, nimechoka kuwa kati yenu. Siku ya harusi ya binti yangu uliweka kiti chako ng'ambo ya barabara, nikakuvushia sahani kama nampelekea mlinzi. Nina miaka sitini na mitatu. Nataka niwaone mnakula meza moja kabla mmoja wetu hajabebwa. Mjibu tu: kona ngapi, madaraja mangapi. Leo siombi zaidi ya hapo.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Barua nimeipata. Mwambie mumeo sina la kumjibu.

Mtu aliyeandika kwenye daftari la stesheni kwamba nilipita taa nyekundu "kwa uzembe" akaulize kona kwa daftari lake. Taa ilikuwa kijani. Nilisema siku ile, na leo nasema. Mpagazi aliyekuwa anavusha mkokoteni aliruka, hakuumia hata kidole. Yalivunjika mayai, trei kumi na nne. Kwa mayai hayo na neno lake hilo moja nikaondolewa njia kuu, na miaka yangu mitatu ya mwisho nikaimaliza yadi, nikisukuma mabehewa matupu mbele na nyuma. Wenzangu wote waliagwa kwa treni yenye abiria na watu wakipunga vitambaa. Mimi siku yangu ya mwisho nilisukuma behewa la mchanga. Iliniuma, dada, na bado inauma.

Kona zipo saba. Simwambii yeye, nakuambia wewe. Madaraja ni mawili, la chuma na la mawe, na baada ya la mawe njia inapanda kiasi cha kumtoa jasho dereva mgeni. Handaki ni moja na ni fupi, abiria wakianza kupiga kelele wameshatoka. Kona ya tano inalala kushoto. Wengi hudhani kulia.

Usimwambie.

Filimbi


19 Machi

Kumb. Na. RU/1

Kwa: Dereva Mstaafu
Kutoka: Stesheni Masta Mstaafu, Reli ya Uani

YAH: KONA YA TANO

Rejea maelezo yako ya tarehe 11 Machi, ambayo sikuyasoma, bali niliyasikia yakisomwa kwa sauti jikoni, kama barua zote za nyumba hii zinavyosomwa.

Napenda kukujulisha kwamba kona ya tano imelazwa kushoto na treni imepita bila kuanguka, kwa mara ya kwanza tangu njia izinduliwe. Handaki limekamilika chini ya jiwe la kufulia. Dada yako ametoa malalamiko kwa mdomo. Nimemwomba ayaandike ili yashughulikiwe.

Stesheni nimeiweka karibu na mlango wa jikoni, nisitembee mbali. Taa ya ishara imesimama mahali pake: kioo chekundu kimetoka kwenye baiskeli ya zamani, cha kijani kimetoka kwenye kitako cha chupa. Kila kimoja kina balbu yake. Napenda isisitizwe kwamba nyekundu ikiwashwa, huwaka nyekundu.

Naomba kujua kama kuna jambo jingine lisilo sahihi.

Stesheni Masta (Mstaafu)


27 Machi

Dada,

Mwambie mumeo kwamba kila kitu si sahihi.

Jioni treni ilikuwa inarudi nyumbani na jua mgongoni. Miaka ishirini na sita nimeota jua la jioni kisogoni, mpaka leo ngozi ya hapo ni nyeusi kuliko ya usoni. Sasa yeye, kwa uvivu wa kutembea hatua ishirini, ameiweka stesheni upande jua linakozama. Kwa hiyo treni yake inarudi imelikodolea jua macho. Hiyo si njia yetu, hiyo ni njia ya watu wengine. Aing'oe yote aigeuze, stesheni ikae mwisho wa uwanja, kule jua linakochomoza.

Halafu mwambie reli haitazamwi kwa kusimama na mikono kiunoni, kama mwenye shamba anayewasubiri vibarua. Ashuke chini. Aweke jicho pale dereva anapoweka. Akiona magoti yanauma, akumbuke ya kwangu yamesimama kwenye chuma kinachotetemeka tangu ujana.

Na zile nyumba za wafanyakazi pembeni mwa stesheni asiziweke. Hazina kazi. Zinaziba tu.

Filimbi


6 Aprili

Mdogo wangu,

Umeniponza! Nilikuomba uhesabu kona, wewe ukaenda kuamuru njia nzima igeuzwe, na shemeji yako ambaye hajawahi kunisikiliza habari ya bomba linalovuja amekutii kama umetoka makao makuu. Aliamka na jembe. Spinachi imebaki mistari miwili. Vitunguu sasa viko ndani ya duara la reli, na kuvifikia lazima nipite kwenye kivuko, na kivukoni kuna bendera. Jana nimesimamishwa na kisu mkononi mpaka treni ya mizigo ipite. Mizigo yenyewe ilikuwa vibanio vyangu vya nguo.

Mleta barua naye yuko kwenye ratiba. Akifika getini anasubiri bendera ya kijani ndipo avuke. Mwanzoni alinuna, sasa anakuja mapema ili aione treni ya saa nne. Fundi viatu wa jirani ameleta stuli yake mwenyewe, wala haondoki nayo tena.

Nitakuambia ukweli, sijamwona na furaha hivi tangu walipoifunga stesheni na kung'oa reli. Anakula. Anaimba. Akishakunywa chai anasema, "Ngoja tuone Filimbi atasemaje." Anasema hivyo bila kujua kama amesema, nami najifanya sijasikia.

Ila kuna kitu kimenishangaza. Kwa nini nyumba za wafanyakazi hazina kazi? Si ndimo nilimoishi miaka yote ile? Si ndimo ulimokuwa unakula? Jibu lake nadhani nalijua, basi usijisumbue kuniandikia. Jibu maswali ya shemeji yako tu.

Dada yako


8 Aprili

Kumb. Na. RU/2

YAH: TRENI KUTOKA RELINI

Njia imegeuzwa kama ulivyoelekeza. Jua sasa liko mgongoni mwa treni.

Hata hivyo, tangu igeuzwe, treni ya saa kumi na moja na dakika arobaini jioni imeanguka siku tano mfululizo, mahali pale pale, hatua mbili kabla ya taa. Treni ya asubuhi hupita salama. Nimekagua njia kila asubuhi kwa kusimama na sikuona kasoro.

Nyumba za wafanyakazi hazijajengwa, ingawa sababu haijaeleweka. Dada yako alipoulizwa alicheka, akaenda kuanua nguo.

Naomba ushauri.

Stesheni Masta (Mstaafu)


15 Aprili

Shemeji,

Naandika kwako moja kwa moja. Usidhani nimesamehe. Ni kwamba sipati usingizi nikijua kuna treni imelala ubavu siku tano na mwenye njia anaikagua asubuhi.

Asubuhi chuma kimepoa, kimejikunja, kina adabu. Jioni kimeshinda juani, kimetanuka, na viungo vyake vinasukumana. Kama treni inaanguka jioni, kagua jioni, saa ile ile inapoanguka. Na usikague kwa kusimama. Tandika gunia, lala kifudifudi, shavu kwenye kokoto, utazame reli kwa urefu wake. Utaona kiungo kimoja kimepanda. Legeza, acha nafasi ya unene wa karatasi ngumu, basi.

Ukimaliza, weka kichwa cha treni relini na jicho lako nyuma yake. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa. Ujue angalau mara moja njia inaonekanaje kwa mtu anayeiendesha.

Filimbi


24 Aprili

Shemeji,

Barua hii haina kumbukumbu namba.

Jana saa kumi na moja na nusu nilitandika gunia nikalala kifudifudi kama ulivyoagiza. Dada yako alitoka jikoni akapiga ukelele, akidhani nimekata roho. Nikamwambia niko kazini. Kiungo kilikuwa kimepanda unene wa ukucha, kama ulivyosema. Nikalegeza. Kisha nikakirudisha kichwa cha treni relini na kuweka jicho nyuma yake.

Taa nilikuwa nimeiwasha nyekundu mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilipoinua jicho, ilikuwa kijani.

Nikadhani nyaya zimegusana. Nikainuka, nikaenda mpaka kwenye taa. Nyekundu inawaka, kijani imezimwa. Nikarudi nikalala. Kijani. Nikamwita dada yako, akalala na yeye, akasema kijani. Nikamwita fundi viatu, akasema kijani. Mleta barua alikuwa getini, akainama kutazama, akasema kijani, akauliza kama sasa anaweza kuvuka.

Ni jua, shemeji. Linashuka nyuma ya dereva, linapiga moja kwa moja kwenye kioo cha kijani, nacho kinang'aa chenyewe bila balbu, na nyekundu inafifia mpaka haionekani. Ilianza saa kumi na moja na dakika thelathini na saba, ikadumu dakika nane. Wewe ulipita saa kumi na moja na arobaini, mwezi huu huu wa Aprili. Muda huo niliuandika mwenyewe.

Miaka thelathini na mbili niliitazama taa ile kwa nyuma. Nilikuwa naiwasha, naizima, naifuta vumbi. Sikuwahi hata siku moja kwenda kusimama mahali unapokaa wewe. Uliniambia kijani nikakuita mwongo mbele ya wapagazi, kisha nikakuandika mzembe, kisha nikalala usingizi mzuri kwa sababu daftari lilikuwa safi. Naona aibu. Najua kutunza muda na kutunza vitu, lakini aibu ya ukubwa huu sijui naiweka wapi.

Stesheni ilipofungwa tuliambiwa tuchome makaratasi yote. Nilichoma yote isipokuwa daftari lile. Jana nimelifungua. Neno "uzembe" nimelipiga mstari mmoja, kwa rula, kwa wino mwekundu, na juu yake nimeandika "jua". Nimesaini. Muhuri wetu ulichukuliwa, kwa hiyo nimechonga mwingine kwenye kiazi.

Miwani nimeikalia wakati wa kuinuka na imevunjika, ndiyo maana maandishi yamepanda na kushuka. Naomba unisamehe. Njoo.

Shemeji yako


2 Mei

Mdogo wangu,

Siku nane, na wewe kimya. Nini tena?

Mzee amesimamisha treni. Ametundika kibao getini: HUDUMA ZIMESITISHWA MPAKA TAARIFA NYINGINE. Mleta barua kakisoma, akanipa pole kama tumefiwa. Fundi viatu bado anakuja kukaa kwenye stuli yake na kutazama reli tupu. Shemeji yako anakaa pembeni yake bila miwani na bila kofia. Hajatangaza saa tangu juzi, mpaka maziwa yalipochelewa ilinibidi nitangaze mwenyewe.

Ulitaka kuombwa radhi miaka kumi na moja. Umeombwa, tena kwa wino mwekundu na kiazi. Kama kuna kitu kingine kinachokuzuia kuja, kitoe. Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni, najua unavyonyamaza ukiwa na hasira na unavyonyamaza ukiwa na kosa. Na hiki si kimya cha hasira.

Dada yako


9 Mei

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza niliwasomea majirani, wakanipa mikono. Mmoja alitaka tuchangishane tufanye sherehe. Nilitembea mtaani siku mbili nikiwa mtu mpya.

Siku ya tatu nikaanza kukuona umelala kwenye kokoto na magoti yale, unainuka, unarudi, unalala tena, ili tu uhakikishe kwamba sikusema uongo.

Shemeji, sikuiona taa kijani. Nyekundu pia sikuiona. Sikuitazama kabisa.

Nilikuwa natazama nyumba za wafanyakazi. Mimi na dada tulikuwa na utaratibu wetu ambao hukuwahi kuujua. Treni ya jioni ikikaribia, yeye hutoka uani na kifuniko cha sufuria. Akikiinua juu, maana yake ameniwekea chakula, nipitie kwake nikishaikabidhi treni. Akikiweka kifuani, leo hakuna, nijitegemee. Siku ile nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikageuza kichwa kutafuta kifuniko. Kilikuwa juu. Nikafurahi, nikapiga honi, na nilipogeuka mbele tayari nilikuwa ndani ya mayai.

Ulipokuja jukwaani unafoka nikasema kijani. Lilitoka lenyewe mdomoni. Kesho yake ningelirudisha, lakini nikaona umeandika "uzembe", nikapandwa na hasira, na hasira ikanisaidia kusahau kwamba neno lilikuwa la kweli. Mtu akirudia uongo miaka kumi na moja unakuwa na kiti chake ndani ya nyumba. Hata nilipokuambia ulale chini, nilitaka tu magoti yakuume kidogo. Sikujua kama kuna jua.

Basi lirudishe neno lako kwenye daftari. Ni langu.

Ila nakuomba kitu kimoja. Barua hii isome peke yako, usimpe dada aisome. Akijua kwamba ni kifuniko chake atajilaumu mpaka kaburini. Nilivumilia yadi miaka mitatu bila kumtaja, na hilo ndilo jambo pekee katika habari hii yote ninalojivunia.

Filimbi


14 Mei

Shemeji,

Miwani yangu ilivunjika. Nilikuandikia.

Barua yako imesomwa jikoni, kwa sauti, na dada yako, kuanzia mwanzo mpaka neno la mwisho. Pale ulipoandika asipewe aisome aliniangalia, akaendelea.

Nilipoelewa kwamba nililala kwenye kokoto bure, nilisimama. Nilitaka kusema maneno ambayo kwenye daftari huandikwa kwa nukta nukta. Nikazunguka meza mara mbili. Miaka kumi na moja! Mayai yale yalinuka jukwaani mwezi mzima, nililisugua kwa mikono yangu, na muda wote huo kumbe ni habari ya sufuria! Kisha nikasikia mtu anacheka, nikageuka kumkemea mke wangu, nikakuta ni mimi.

Kuhusu daftari: haliwezekani unaloomba. Neno likishapigwa mstari na kugongwa muhuri halirudishwi, hata kama muhuri ni wa kiazi. Daftari la stesheni halifutwi, linaongezwa. Kwa hiyo nimeongeza. Sasa linasomeka hivi: "Dereva alipita taa nyekundu. Sababu: jua, na kifuniko." Maana hata kama ungetazama mbele, shemeji, ungeona kijani, na mayai yangevunjika vile vile. Hilo limethibitishwa na mashahidi wanne, mmoja akiwa mtumishi wa posta.

Huduma zimerejeshwa. Dada yako ana maelezo yake, nimeyaweka kwenye bahasha hii hii bila kuyasoma, kwa kuwa siwezi.

Bwana Dakika (najua mnaniita hivyo)


14 Mei

Mdogo wangu mjinga,

Nilijua.

Nilikuwa nimesimama pale mkono juu, kifuniko mkononi, nikakuona umenigeukia na meno yote nje, na mbele ya treni nikauona mkokoteni. Nilikuona hujatazama. Uliposema kijani nilijua husemi kweli, na shemeji yako alipoandika uzembe nilijua uzembe ule ulikuwa wetu wawili.

Nilinyamaza. Ningesema, wangeandika kwamba mke wa stesheni masta aliivuruga treni ya abiria kwa kifuniko cha sufuria, na ile nyumba ya kazi tungeihama na watoto watatu. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa hofu, wa pili kwa aibu, halafu ikawa mazoea. Wewe umenificha mimi, mimi nimekuficha wewe, na mzee wa watu akabaki katikati bila kujua lolote, mpaka akakusafisha kwa rula na wino. Siku ya harusi nilipokuvushia ile sahani nilitaka kukuambia. Nikakuambia tu chumvi imepungua.

Nisamehe. Jana usiku nililia, leo nimeamka mwepesi.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi nimeijenga nyumba ya wafanyakazi mwenyewe, kwa boksi la viatu nililopewa na jirani. Ina kamba ya nguo ya uzi. Nimeiweka kushoto, pale pale ilipokuwa. Mbele yake nimesimamisha mwanamke wa udongo, mnene kidogo kuliko nilivyokuwa, na mkononi ana kizibo cha soda. Shemeji yako amemkagua kwa kumshika, akasema mkono uko juu mno, hauendani na vipimo. Nikamwambia autazame kwa kulala chini.

Chakula kipo. Kitanda cha wageni hakina chaga, utalala kwenye godoro chini, laumu reli.

Dada yako


20 Mei

Dada, Shemeji,

Ninakuja Jumamosi. Nakuja kwa basi, kwa kuwa njia yetu imebaki hapo kwenu tu.

Naleta miwani, nimepeleka kwa fundi vipimo vya zamani vya shemeji alivyonitumia dada. Naleta na trei moja ya mayai. Zile kumi na tatu nyingine tutazizungumza tukishakula.

Treni ya saa kumi na moja na arobaini naiendesha mimi, na nataka iwe na abiria. Pakieni chochote, hata vibanio. Mleta barua na fundi viatu wakitaka kupunga vitambaa sitawakataza. Shemeji, wewe kaa kwenye taa yako na uwashe rangi unayotaka, bila kuniambia. Dada, mwambie yule mwanamke wa udongo akishushe kizibo chake mpaka nitakaposimama. Wewe mwenyewe pia usitoke jikoni.

Safari hii nitaangalia taa.

Filimbi